Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mafunzo ya Biashara Kutoka kwa Matajiri na Kampuni Zilizofufuka, kwa Wafanyabiashara wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Ukurasa huu ni kwa wenye maduka, wanunuzi wa dagaa na sangara, wenye mitumbwi, mawakala na wote wanaozungusha mtaji mdogo au wa kati kandokando ya ziwa. Tumechagua habari ambazo hesabu yake inaonekana, maana hesabu ndiyo inayosafiri kutoka nchi moja hadi nyingine. Bei za Mwanza zilizotumika hapa ni za mfano, weka zako.

Nina fremu moja tu Makoroboi. Habari za Walmart zinanihusu nini?

Sam Walton, mwanzilishi wa Walmart, mnyororo mkubwa wa maduka wa Marekani, alianza na duka moja mwaka 1945, huko Newport, jimbo la Arkansas, mji mdogo wa wakulima wa pamba. Alikuwa na dola 5,000 zake na dola 20,000 alizokopeshwa na baba mkwe wake. Yaliyomhangaisha kwenye duka lile ndiyo yanayokuhangaisha wewe: mwenye nyumba, bei ya jumla, na mshindani aliye ng'ambo ya barabara. Soma maisha yake ya kabla hajatajirika. Alipokuja kuwa na malori na maghala yake mwenyewe, hesabu zake ziliacha kufanana na zako.

Mkataba wa fremu una uzito gani? Mimi na mwenye nyumba tunaelewana vizuri.

Huu ndio mfano tunaoutaja kuliko yote, kwa sababu kinga yake ni karatasi moja tu.

Ndani ya miaka 5 Walton alilikuza duka la Newport hadi likauza dola 250,000 kwa mwaka. Mwaka 1950 mkataba ukaisha. Haukuwa na kifungu cha kumpa haki ya kuendelea kupanga. Mwenye jengo akakataa kuuongeza, kwa sababu alilitaka duka kwa ajili ya mwanawe. Mji mzima haukuwa na jengo lingine la kumfaa, basi Walton akauza bidhaa na vifaa vyake, akahama na familia hadi Bentonville na kuanza upya. Hakukosea kununua wala kuuza. Kilichomtoa mjini ni sentensi moja iliyokosekana.

Duka likichangamka, hatari inaongezeka, maana sasa wapo wengine wanaolitaka. Kabla hujaweka vigae, rafu na bango, hakikisha mkataba wako unasema haya:

- Muda wa kupanga, na kwamba ukiisha wewe una haki ya kwanza ya kuendelea.
- Kodi itaongezeka kwa kiasi gani na lini. "Kulingana na soko" ni maneno mabaya, andika asilimia.
- Notisi ya kuondoka ni miezi mingapi. Mwezi 1 hautoshi kumaliza mzigo. Pigania miezi 3 au zaidi.
- Ukiondoka, rafu, milango ya chuma na mita ya umeme ni vya nani.
- Ikiwa umelipa kilemba, kiasi chake kiandikwe, pamoja na jina la aliyekipokea.

Saini ziwe za mwenye nyumba halisi, au mtu mwenye barua ya kumwakilisha. Kinachowaumiza wengi ni kupanga kwa mpangaji: unamlipa mtu ambaye naye amepanga, siku mwenyewe anatokea na karatasi yako haina kazi. Jengo la urithi ni hatari zaidi, kwa hiyo omba kuona nani ameteuliwa msimamizi wa mirathi.

Nikipunguza bei nitauza zaidi. Nitapata faida zaidi?

Inategemea bei ya kununulia imeshuka au la. Walton alikuwa akinunua chupi za kike kwa dola 2.50 kwa dazeni na kuziuza 3 kwa dola 1. Alipopata muuzaji wa kumpa dazeni kwa dola 2, akaziuza 4 kwa dola 1. Faida kwa dazeni ilishuka kutoka dola 1.50 hadi dola 1, lakini mauzo yakapanda mno na faida ya jumla ikazidi. Nusu ya punguzo lile ilitoka kwa muuzaji wa jumla; mfuko wake ulibeba nusu tu.

Fanya hesabu hii kabla ya kubadilisha bei. Chukua faida ya zamani kwa kipande, gawanya kwa faida mpya. Tuseme sabuni unanunua Sh 2,000 na kuuza Sh 2,500. Faida ni Sh 500. Ukiuza Sh 2,300 faida ni Sh 300. 500 ÷ 300 ni karibu 1.7. Kama ulikuwa unauza vipande 30 kwa siku, sasa lazima uuze 50 ili tu ubaki pale ulipokuwa. Je, mtaa wako una watu 20 wa ziada wa kununua sabuni leo?

Punguzo halifanyi kazi kwa kitu ambacho watu hawaongezi matumizi yake, kwa mfano chumvi au kiberiti. Halifanyi kazi pia pale jirani anapoweza kukufuata jioni ile ile. Hapo mmegawana hasara.

Biashara inadorora. Kampuni kubwa zilianzia wapi zilipokuwa zinazama?

Tulizochagua zilianza kwa kupunguza aina za bidhaa na kurudisha fedha taslimu. Kupanua kulikuja baadaye.

Apple ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 1 katika mwaka wa fedha wa 1997. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, aliporudi alifuta sehemu kubwa ya bidhaa, akabakiza mpango wa kompyuta za aina 4: ya mezani na ya kubeba kwa mtu wa kawaida, ya mezani na ya kubeba kwa mtaalamu. Microsoft iliweka dola milioni 150, fedha iliyosaidia lakini isiyoziba hata sehemu ya tano ya hasara ile. Kazi isiyosimuliwa sana ni ya Tim Cook, aliyeingia mwaka 1998: alipunguza mzigo uliolala ghalani kutoka takriban mwezi mzima hadi siku 6. Mwaka wa fedha wa 1998 Apple ilipata faida ya dola milioni 309.

LEGO ya Denmark, inayotengeneza vitu vya kuchezea vya watoto, ilikuwa karibu kufa mwaka 2004. Ilikuwa na zaidi ya aina 12,000 za vipande, na haikujua vizuri ni seti zipi zinaingiza hasara. Jørgen Vig Knudstorp alipopewa uongozi alizishusha aina hizo hadi karibu 7,000, na mwaka 2005 kampuni ikauza mbuga zake za michezo za Legoland. Matofali yake ya plastiki, yaliyoipa umaarufu, hayakuguswa.

Dukani kwako kazi hii inachukua Jumapili moja na daftari:

1. Orodhesha kila bidhaa, idadi iliyobaki, bei uliyonunulia, na mara ya mwisho ilipouzwa.
2. Jumlisha thamani ya mzigo wote kwa bei ya kununulia. Tuseme ni Sh 9,000,000.
3. Tafuta gharama ya bidhaa unazouza kwa siku. Ukiuza Sh 300,000 na kati yake Sh 240,000 ni bei ya kununulia, basi gawanya 9,000,000 kwa 240,000. Una mzigo wa siku 37.5.
4. Weka alama kwenye kila kitu ambacho hakijauzwa kwa siku 60. Hicho kiuze kwa bei yoyote inayokaribia uliyonunulia, hata chini yake, na fedha iende kwenye bidhaa zinazotembea.
5. Rudia baada ya miezi 3. Ikiwa siku zimeshuka kutoka 37 hadi 25, umepata mtaji bila kukopa.

Watu hukwama kwenye hatua ya 4. Mtu anaona uchungu kuuza viatu vya Sh 18,000 kwa Sh 15,000, akivisubiri vimrudishie faida. Sh 15,000 hiyo ikizunguka mara mbili kwa mwezi kwenye mafuta ya kula, kwa faida ya asilimia 8 kila mzunguko, miezi 2 na nusu inarudisha zaidi ya Sh 18,000 iliyotarajiwa.

Tahadhari moja. Usifute unga na sukari kwa sababu faida yake ni ndogo. Mteja anakuja kwa ajili ya sukari na kuondoka na majani ya chai, sabuni na biskuti. Angalia anayenunua sukari ananunua nini kingine, ndipo uamue.

Nikope wakati gani?

Ford ilikopa dola bilioni 23.6 mwishoni mwa mwaka 2006, ikaweka rehani viwanda vyake na hata nembo yake. Mwaka huo ilipata hasara ya dola bilioni 12.7. Wengi waliona ni dalili ya kukata tamaa. Mwaka 2008 mabenki ya Marekani yalipofunga mikono, fedha za Ford zilikuwa tayari zipo. General Motors na Chrysler ziliingia mahakamani kwa ufilisi mwaka 2009, Ford haikuingia. Alan Mulally, mkuu wa Ford, alikopa wakati benki bado zinatoa, kwa mpango ulioandikwa wa nini kitafungwa na nini kitauzwa. Aston Martin, Jaguar, Land Rover na Volvo zote ziliuzwa.

Mkopo wa kuzibia pengo la jana hauna uhusiano na huo. Chukua mikopo ya mtaani, ile inayoitwa kausha damu: Sh 500,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi. Ukishindwa kulipa na deni likarundikwa, baada ya miezi 4 unadaiwa Sh 1,036,800. Hakuna mzigo wa dagaa unaokimbia hivyo.

Kwa wanunuzi wa dagaa kuna jambo la kalenda ambalo maofisa mikopo wengi hawaliulizi. Dagaa huvuliwa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inapumzika na mwalo unapoa. Ukichukua mkopo wa marejesho ya kila wiki, kuna wiki utalipa bila kuwa na mzigo, na utalipa kwa kula mtaji. Mvua nayo ikiwakuta dagaa kwenye kichanja, wanapoteza daraja na bei inashuka. Omba marejesho ya kila mwezi, au tenga rejesho la wiki ya mbalamwezi siku ile ile unapouza mzigo wa giza. Mkopeshaji akikataa ratiba inayofuata mzunguko wako, tafuta mwingine kabla ya kusaini.

Nasambaza bidhaa kwa mali kauli kwenye duka kubwa. Nitajuaje kwamba hawatanilipa?

Nakumatt ya Kenya ilikuwa mnyororo mkubwa wa maduka Afrika Mashariki, na mwaka 2014 ilinunua maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Ilifungua matawi kwa kasi huku wasambazaji wakisubiri malipo. Mwaka 2017 rafu zilianza kuwa tupu kwa sababu waliokuwa wakidai waliacha kuleta bidhaa, na wenye majengo wakaanza kuitoa. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe. Katika ufilisi wa namna hii, benki zenye dhamana hulipwa kwanza na msambazaji mdogo hungoja nyuma.

Dalili hujitokeza mapema: ankara ya zamani inalipwa pale tu unapoleta mzigo mpya, anayeidhinisha malipo "amesafiri" kila mara, oda inakuwa kubwa ghafla wakati malipo yanachelewa, rafu za wasambazaji wengine zina mapengo. Ukiona mbili kati ya hizo kwa pamoja, punguza mzigo wiki hiyo hiyo.

Jiwekee kikomo kwa kila mdaiwa, yaani kiasi ambacho kikipotea chote bado utaweza kununua mzigo unaofuata. Mwenye mtaji wa Sh 5,000,000 aliyemkopesha mteja mmoja Sh 3,000,000 amemkabidhi mtu mwingine biashara yake. Kila unapokabidhi bidhaa, pata saini, tarehe, jina na muhuri kwenye hati ya kupokelea. Bila hiyo, mbele ya msimamizi wa ufilisi huna cha kudai.

Je, kuna mfano wa kwetu, hapa ziwani?

Upo, tena mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa wakipunjwa kwenye mizani za wanunuzi. Paul Bomani, aliyekuwa katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza, alihusika katika kuweka wapimaji huru kwenye vituo vya kununulia. Mkulima alipima kabla ya kuuza. Kutokana na kazi hiyo ya mizani vikakua vyama vya wakulima, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika, Victoria Federation, ambalo lilikuja kushika biashara ya pamba ya kanda nzima. Bomani baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Tanganyika huru.

Tunaupenda mfano huu kwa sababu haukuanza na mtaji. Ulianza na kipimo sahihi, na watu walioamini kipimo hicho ndio wakatoa fedha zao. Kirumba bado mzigo mwingi unanunuliwa kwa ndoo na gunia, na gunia linajua kushindiliwa. Nunua mzani wako, uhakikishwe na Wakala wa Vipimo, na uujaribu mara kwa mara: dumu lenye lita 20 kamili za maji lina kilo 20 za maji, ongeza uzito wa dumu lenyewe. Dagaa wasiokauka vizuri hupungua uzito njiani, kwa hiyo kilo ulizolipia mwaloni si kilo utakazouza. Pima gunia moja siku ya kununua na siku ya kuuza, kwa safari kadhaa, upate asilimia ya upungufu, kisha uiingize kwenye bei unayotoa.

Mfano wa pili ni wa sangara. Kati ya mwaka 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria mara tatu: kwanza kwa bakteria wa salmonela, kisha kwa kipindupindu, halafu kwa taarifa za uvuvi wa sumu. Viwanda vya Mwanza vilivyotegemea soko hilo moja vilipata pigo, na pigo likashuka hadi kwa mvuvi. Kosa la mtu mmoja upande mwingine wa ziwa lilifunga mlango wa wote. Anayeuza zaidi ya nusu ya mzigo wake kwa mnunuzi mmoja ajue leo atamuuzia nani mnunuzi huyo akifunga.

Niko Nansio, mzigo nautoa Mwanza. Nawezaje kutoishiwa bidhaa bila kujaza stoo?

Tumia kadi, kama Toyota. Mwaka 1950 Toyota ilikaribia kufilisika na Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Miaka iliyofuata Taiichi Ohno alijenga utaratibu wa kutengeneza kinachohitajika tu, na ishara ya kuagiza ilikuwa kadi inayotoka kwenye sanduku la vipuri likitumika.

Kwako: mauzo kwa siku, zidisha kwa siku ambazo mzigo unachukua tangu kuagiza hadi kufika rafuni, pamoja na siku za akiba. Ukiuza katoni 4 kwa siku, mzigo ukichukua siku 3, na ukaweka siku 2 za ziwa kuchafuka au meli kuchelewa, ni 4 × 5 = 20. Panga katoni na uweke kadi juu ya ile ya 20 kutoka chini. Kijana wa duka akiifikia kadi, anaagiza siku hiyo. Mara nyingi utaratibu huu unavunjika kwa sababu mzigo mpya unapakiwa juu ya wa zamani na kadi inafunikwa; mzigo mpya uwekwe chini au nyuma, kisha kadi irudishwe juu ya katoni ya 20 kutoka chini.

Wakala wa fedha anaweza kufanya hivyo hivyo kwa floti: kiwango ambacho kikifikiwa unajaza, kabla mteja hajaondoka.

Nina matawi Igoma na Buhongwa. Kila nikiuliza naambiwa mambo ni mazuri, lakini fedha sizioni.

Mulally alipofika Ford aliwataka wakuu wa idara waje kila wiki na taarifa zenye rangi: kijani, njano, nyekundu. Mwanzoni karibu zote zilikuwa kijani, katika kampuni iliyokuwa ikipoteza mabilioni. Mark Fields, mmoja wa wakuu hao, alipokuja na nyekundu, kwa gari lililokuwa na tatizo kiwandani, wenzake walidhani atafukuzwa. Mulally alipiga makofi, akauliza nani anaweza kumsaidia. Baada ya hapo rangi za kweli zilianza kuonekana.

Kila tawi lilete namba 5 kila Jumamosi: mauzo, fedha iliyopelekwa benki au kwenye simu, madeni mapya, madeni yaliyolipwa, na bidhaa zilizoharibika. Mauzo yakiwa juu na fedha chini, jibu limo kwenye madeni mapya au kwenye mkono wa mtu. Ukimfokea wa kwanza kuleta namba mbaya, hutaletewa nyingine.

Niwaongezee vijana mshahara kama Henry Ford?

Mwaka 1914 Ford alitangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya malipo ya kawaida. Mwaka uliotangulia alikuwa ameajiri watu zaidi ya 50,000 ili kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000 tu, kwa sababu waliacha kazi ovyo. Piga hesabu yako: kila kijana anapoondoka, unapoteza kiasi gani kwa makosa ya chenji, wateja waliomzoea, na wiki za kufundisha mwingine? Ikiwa jibu ni kubwa kuliko nyongeza, ongeza.

Warren Buffett alitajirika kwa kununua hisa. Na mimi ninunue?

Kwanza tazama kiwanda cha nguo cha Berkshire Hathaway, alichokitwaa mwaka 1965. Alikiendesha miaka 20, mashine mpya zikila faida kila mara, hadi akakifunga mwaka 1985. Mwaka 1972 kampuni yake ilinunua See's, watengeneza peremende na chokoleti, kwa dola milioni 25. Biashara hiyo ilihitaji mashine chache mpya na faida nyingi ilibaki.

Mwenye mtumbwi yuko karibu na kiwanda cha nguo kuliko na peremende. Injini ya Sh 6,000,000 ikidumu miaka 3, kwa siku 20 za ziwani kila mwezi, ni siku 720. Tenga Sh 8,400 kila siku ya kazi, na nyavu ziwe na fungu lake. Wengi wanaodhani wana faida wanakula injini.

Baada ya kutenga hiyo, ukibaki na ziada isiyohitajika kwa mzigo, hisa za benki kama NMB na CRDB zinauzwa Soko la Hisa la Dar es Salaam kupitia madalali wenye leseni, na vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS vinapatikana pia. Bei za hisa hushuka, na siku utakayohitaji fedha ya mzigo haisubiri zipande.